Chakula kinapofika tumboni: kazi ya mfuko wa tumbo, vidonda vyake, na neno "karuho"

Mara nyingi mtu anayekuja kwetu kuomba maombezi huweka mkono chini ya kifua na kusema: "Pasta, tumbo linaniua." Ukimwuliza ni wapi hasa, mkono unazunguka kutoka kwenye mbavu mpaka chini ya kitovu. Katika lugha yetu neno tumbo linabeba mengi. Ni mahali pa chakula, ni matumbo, ni mimba, na hata mtu mwenye tamaa ya mali tunasema ana tumbo kubwa. Kwa sababu neno ni pana hivyo, ugonjwa wa kiungo kimoja kidogo unapewa majina mengi, na jina mojawapo limevunja nyumba nyingi huku kwetu Kivu: karuho, yaani ile sumu inayosemwa kwamba huwekwa katika chakula na kumwua mtu polepole.

Sisi si madaktari, tulisomea teolojia. Lakini kwa miaka ya uchungaji tumekaa kando ya vitanda vya wagonjwa wa tumbo, tumewauliza waganga wa hospitali maswali mengi, na tumesoma. Tunataka kueleza hapa jinsi mfuko wa tumbo unavyofanya kazi, hatua kwa hatua, maana asiyejua muda ambao nyama hukaa tumboni anaweza kudanganywa kirahisi.

Safari ya tonge moja

Tuchukue tonge la bukari pamoja na sombe na sambaza mbili. Kazi inaanza kabla tonge halijafika mdomoni. Harufu ya mawese jikoni, sauti ya sahani, hata kuwaza chakula tu, vinatosha kuamsha neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, na tumbo linaanza kutoa maji yake. Mrusi Ivan Pavlov alilionyesha jambo hili kwa mbwa aliowafanyia upasuaji, na mwaka 1904 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo ya usagaji wa chakula. Kwa hiyo mtoto asemaye kwamba njaa imemshika ghafula aliposikia harufu ya jirani akikaanga samaki hadanganyi.

Mdomoni meno yanavunja na mate yanalainisha. Ndani ya mate kuna kimeng'enya, yaani kitu ambacho mwili hukitengeneza ili kukata chakula vipande vidogo sana. Hiki cha mate kinakata wanga. Jaribuni wenyewe: tafuneni bukari tupu, bila mchuzi, kwa muda mrefu pasipo kumeza. Baadaye ulimi unasikia utamu kidogo. Huo ni wanga ambao umeanza kugeuka sukari. Wengi wetu tumezoea kumeza tonge bila kulitafuna, na sisi pia tumo katika hesabu hiyo. Tumbo linavumilia, lakini kazi ambayo meno yalipaswa kuifanya linaifanya lenyewe.

Kutoka kooni tonge linapita katika umio, bomba la nyama lenye urefu wa sentimita 25 hivi. Chakula hakianguki humo kama jiwe kisimani. Bomba linajiminya nyuma ya tonge na kulisukuma mbele, na kwa kawaida safari hiyo haizidi sekunde 10. Ndiyo sababu mgonjwa aliyelala chali anaweza kumeza. Mwisho wa umio kuna msuli ulio kama mlango. Unafunguka tonge linapopita, kisha unafunga. Mlango huo ukilegea, maji makali ya tumbo yanapanda juu na mtu anasikia moto kifuani. Ni kiungulia. Akina mama wenye mimba wanakijua vizuri, pia wale wanaokula saa nne ya usiku na kulala papo hapo.

Mfuko wenyewe

Sasa tumefika. Mfuko wa tumbo haukai kwenye kitovu kama wengi tunavyodhani. Uko juu, upande wa kushoto, sehemu kubwa ikiwa imefichwa chini ya mbavu. Ukiwa mtupu umejikunja na nafasi yake ni ndogo kama ngumi. Chakula kikiingia, unalegea na kupanuka, na mtu mzima anaweza kuweka humo lita moja au moja na nusu bila shida. Siku ya arusi, zaidi. Kuta zake zina matabaka matatu ya misuli, kila moja likivuta kwa upande wake, ndiyo maana mfuko unaweza kukanda, kupindua na kuminya kwa pamoja.

Ngozi ya ndani ina visima vidogo sana, kwa mamilioni, vinavyotoa maji ya tumbo. Kwa siku moja mtu mzima hutoa lita 2 hivi, mara nyingine zaidi. Ndani ya maji hayo kuna asidi ya haidrokloriki, kali kama maji ya ndimu au kuliko hayo. Mwingereza William Prout aliitambua mwaka 1824, na watu wa wakati ule walishangaa kwamba kitu cha namna hiyo kinaweza kukaa ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Miaka 12 baadaye, Mjerumani Theodor Schwann aligundua mwenzake wa asidi hiyo, kimeng'enya alichokiita pepsini. Asidi inafungua nyama, samaki na maharage kama mtu anayefumua uzi wa sweta. Pepsini inakuja na kukata uzi huo. Pepsini haifanyi kazi yake pasipo asidi. Inatoka kwenye visima vyake ikiwa imelala, na asidi ndiyo inayoiamsha, la sivyo ingeanza kula visima vyenyewe.

Asidi ina kazi nyingine, na sisi tunaokaa kando ya Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika tungepaswa kuijua. Inaua wadudu wengi wanaoingia pamoja na chakula na maji. Kijidudu cha kipindupindu hakipendi asidi. Inabidi kiingie kwa wingi sana ili wachache wapite salama mpaka kwenye utumbo. Mtu ambaye tumbo lake lina asidi kidogo anashikwa kwa urahisi zaidi. Wale waliokuwapo Goma mwezi wa Julai 1994 hawahitaji kuelezwa kipindupindu ni nini. Basi wanaonunua omeprazoli na kuimeza mwaka mzima bila kuulizia kwa daktari wajue kwamba pamoja na kuzima moto, wanampunguza mlinzi wa mlangoni.

Chakula kikiisha kulowa, mfuko unaanza kukanda. Wimbi la misuli linatoka katikati na kushuka chini, mara 3 hivi kwa dakika. Chini kabisa kuna mlango wa pili, mwembamba. Wimbi linasukuma chakula kwenye mlango huo, lakini mlango hauruhusu vipande vikubwa: kwa kawaida kinachopita ni uji wenye chembe zisizozidi milimita 1 au 2. Kilichobaki kinarudishwa nyuma na kupondwa tena. Ni kama mama anayechekecha unga: ulio laini unapita, chenga zinarudi kwenye kinu.

Muda wake? Maji hupita upesi. Nusu ya maji uliyokunywa inaweza kuwa imeondoka katika dakika 20 hivi. Chakula kigumu kinachukua saa kadhaa, na kwa mtu mzima mwenye afya mlo wa kawaida huwa umetoka karibu wote baada ya saa 4 au 5. Mafuta yanachelewesha, kwa maana utumbo unapoyaona unatuma ujumbe kwa tumbo: polepole, hatujamaliza. Sombe iliyojaa mawese na karanga inakaa kuliko bukari na mchuzi mwepesi. Tuweke alama hapa kwenye saa 4 au 5, tutazirudia.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: mfuko wa tumbo hauingizi chakula katika damu, isipokuwa vitu vichache kama sehemu ya pombe na baadhi ya dawa. Kazi kubwa ya kuchukua nguvu ya chakula inafanyika mbele, katika utumbo mwembamba wenye mita 6 hivi, ambako nyongo na maji ya kongosho yanaungana na ule uji na kuumaliza ukali wake. Kuna watu waliokatwa tumbo lote kwa sababu ya kansa na wanaishi. Wanakula kidogo kidogo, tena wanadungwa vitamini B12, kwa kuwa ni tumbo linalotengeneza kitu kinachoisaidia vitamini hiyo kuingia mwilini.

Mtu aliyekuwa na tundu tumboni

Mambo haya yalijulikanaje, na tumbo limefunikwa? Sehemu kubwa ilitoka kwa ajali. Tarehe 6 Juni 1822, katika duka la kampuni ya manyoya kwenye kisiwa cha Mackinac, kaskazini mwa Marekani, bunduki ilifyatuka bila kukusudiwa na kumpiga kwa karibu kijana aitwaye Alexis St. Martin. Alikuwa Mfaransa wa Kanada, kibarua wa kusafirisha ngozi kwa mitumbwi. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtunza bila tumaini kubwa. Kijana akapona, lakini tundu halikuziba: ukingo wa jeraha la tumbo uliungana na ngozi ya nje, na ndani ukaachwa mlango mdogo ambao mtu aliweza kuchungulia.

Kuanzia mwaka 1825 Beaumont alianza majaribio. Alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwa uzi wa hariri, akaviingiza kwenye tundu, akavitoa baada ya saa moja, akavirudisha, akaandika. Alichota pia maji ya tumbo, akayaweka pamoja na nyama katika chupa, akaipa chupa joto la mwili. Nyama ikayeyuka ndani ya chupa, nje ya mtu. Kabla ya hapo wataalamu walibishana kama tumbo linasaga kama jiwe la kusagia, au linapika, au linaozesha. Chupa ile ilionyesha kwamba maji yenyewe yana nguvu. Aliona pia kwamba St. Martin alipokasirika, kazi ya tumbo ilibadilika na kuharibika. Mwaka 1833 alitoa kitabu chenye majaribio zaidi ya 200.

Hatuwezi kupita hapa bila kusema neno. St. Martin alikuwa maskini, hakujua kusoma, na mkataba aliutia sahihi kwa alama ya msalaba. Zaidi ya mara moja aliondoka akarudi kwao Kanada, na daktari akamtafuta tena. Alipokufa mwaka 1880, miaka 27 baada ya daktari wake, jamaa zake waliacha maiti ioze kabla ya kuizika, wakachimba kaburi la kina kirefu, ili madaktari wasije kuichukua. Vitabu vinamtaja Beaumont kuwa baba wa elimu hii. Sisi tunafikiri jina la kibarua lingepaswa kutangulia.

Kwa nini tumbo halijili lenyewe

Kama asidi na pepsini vinayeyusha nyama ya ng'ombe, na tumbo letu nalo ni nyama, mbona halijimalizi? Ngozi ya ndani imepakwa ute mzito, na chini ya ute kuna maji yenye chumvi ya bikaboneti, ambayo ni ndugu ya magadi, yanayozima asidi kabla haijagusa nyama. Tena chembe za ngozi hiyo zinabadilishwa mara kwa mara: baada ya siku chache tu za zamani zimekwisha na mpya zimechukua nafasi. Ni kama ukuta ambao mafundi wanaujenga upya kila juma bila kusimamisha kazi ya nyumba.

Ute ukipungua au ukitobolewa, asidi inafika kwenye nyama. Kwanza ngozi inavimba na kuwa nyekundu. Hiyo ndiyo gastriti, neno ambalo siku hizi kila mtu analo mdomoni. Ikichimba zaidi, ni kidonda. Vingi hutokea hapo penye mlango wa chini au mara tu baada yake, mwanzoni mwa utumbo mwembamba.

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walifundisha kwamba vidonda vinaletwa na mawazo mengi na pilipili. Wagonjwa waliambiwa wanywe maziwa na wapumzike. Halafu huko Perth, Australia, daktari Robin Warren aliona katika darubini vijidudu vilivyojipinda kama skrubu kwenye vipande vya tumbo vya wagonjwa. Kijana mwenzake Barry Marshall alijaribu kuvikuza katika maabara, na kila mara havikuota, kwa kuwa sahani zilitupwa baada ya siku 2. Mwaka 1982 ikaja Pasaka. Watu wakaenda likizo, sahani zikasahaulika ndani kwa siku kadhaa, na waliporudi wakakuta vijidudu vimeota. Vilikuwa vinahitaji muda tu. (Wanakwaya wetu wanaolalamikia likizo ndefu ya Pasaka wasome tena habari hii.)

Watu hawakuamini, wakisema hakuna kijidudu kinachoweza kuishi katika asidi. Mwaka 1984 Marshall alikunywa kikombe cha vijidudu hivyo. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na alipochunguzwa tumbo lake lilikuwa limevimba. Mwaka 2005 yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu kinaitwa Helikobakta pilori. Karibu nusu ya watu wa dunia wanacho, na huku Afrika ni wengi zaidi. Kwa kawaida kinaingia utotoni, nyumbani, kwa njia ya mate, maji machafu na mikono isiyonawa. Wengi wanaishi nacho bila kusikia chochote. Kwa wengine kinatoboa ute na kuleta kidonda, na kwa wachache, baada ya miaka mingi, kansa.

Habari njema ni kwamba kidonda cha namna hii kinatibika. Daktari anaandika antibiotiki mbili, mara nyingine na dawa ya tatu, pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 7 mpaka 14. Kosa tunaloliona sana ni mtu kuacha vidonge siku ya nne kwa sababu maumivu yamepoa. Kijidudu kinabaki, tena kimezoea dawa. Na kwa vipimo: kipimo cha damu kinaonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na kijidudu, pengine zamani. Kile cha choo au cha pumzi kinasema habari ya leo. Fibroskopi, ule mpira wenye kamera unaopitishwa kooni, unaona kidonda chenyewe, lakini haupatikani kila mahali na bei yake inawashinda wengi.

Chanzo cha pili cha vidonda kiko mfukoni mwetu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki. Vidonge hivi vinanunuliwa barabarani kimoja kimoja, kwa mgongo, kwa kichwa, kwa uchovu wa shamba. Vinapunguza maumivu kwa kuzuia kitu fulani mwilini, lakini kitu hicho hicho ndicho kinachoagiza tumbo litengeneze ute. Anayemeza kila siku anabomoa ukuta wake. Na asidhani kwamba sindano ya diklofenaki inaepusha tumbo, kwa kuwa madhara yanapita pia katika damu. Pilipili tuiache huru: inaweza kuwasha kidonda kilichopo, lakini siyo inayokichimba. Maziwa yanatuliza kwa muda, kisha tumbo linatoa asidi zaidi ili kuyasaga.

Karuho

Tuliahidi kuzirudia zile saa 4 au 5.

Miaka kadhaa iliyopita, ndugu mmoja wa parokia tuliyoitumikia alianza kuumwa juu ya kitovu. Maumivu yalimwamsha saa nane ya usiku, yakapoa akila, yakarudi. Alikonda. Jamaa wakakumbuka kwamba ugonjwa ulianza baada ya sherehe ambapo mama mkwe wake ndiye aliyempakulia chakula. Wakampeleka kwa mwenye kutapisha. Alipewa dawa ya majani yenye mafuta, akatapika, na ndani ya beseni kikaonyeshwa kipande cha nyama na kitu kama nywele. "Hii ndiyo nyama aliyokulisha." Mama yule alifukuzwa nyumbani kwa binti yake siku ile ile. Sisi tuliitwa tuombe, tukaomba, na hatukuuliza swali hata moja. Ukimya wetu ulihesabiwa kuwa kibali.

Swali lilikuwa rahisi: sherehe ilikuwa miezi 5 kabla. Kipande cha nyama kinawezaje kukaa miezi 5 ndani ya mfuko unaojimaliza baada ya saa chache, wenye asidi inayoyeyusha hata nyama iliyo ndani ya chupa? Nyama iliyotapikwa leo ililiwa leo, au ilikuwa katika dawa, au ilikuwa mkononi mwa mwenye kutapisha. Mara nyingine kinachoonekana kama nyama ni ute mzito wa tumbo lenyewe, ulioganda pamoja na mafuta ya dawa.

Tuseme pia yaliyo kinyume, ili asije mtu kutuambia tumeficha. Kovu la kidonda cha zamani linaweza kuubana mlango wa chini, na hapo mgonjwa anatapika chakula cha jana au cha juzi. Hiyo ni ishara ya ugonjwa unaohitaji mpasuaji. Nywele nazo tumbo haliwezi kuzisaga. Watu wenye tabia ya kutafuna nywele zao hupata donge tumboni, na donge hilo hukaa. Tena sumu za kweli zipo: dawa za shamba, dawa za panya, mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, ambayo asidi ya tumbo haiiponyi. Lakini dawa ya shamba, mtu akiimeza, humwangusha katika dakika au saa, naye anapelekwa hospitali mbio, si kwa mtapishaji baada ya miezi. Maumivu yanayokuja usiku, yanayopoa kwa chakula na kurudi tumbo likiwa tupu, ni sura ya kawaida kabisa ya kidonda cha mwanzo wa utumbo.

Ndugu yetu alitapika damu juma la tatu baada ya majani yale. Safari hii alipelekwa hospitali, akaongezwa damu, fibroskopi ikaonyesha kidonda, akapewa vidonge vya siku 14. Sasa ni mzima, analima. Mama mkwe wake alihamia kwa mwanawe mwingine, mbali na mji, na tulipokwenda kumwomba msamaha alitukaribisha vizuri, akatupa chai, wala hakutaka kuongea habari hiyo. Hajarudi.

Tangu hapo, mtu akija na neno karuho tunamwuliza kwanza: maumivu yalianza lini, yanakuja saa ngapi, umemeza vidonge gani, choo chako kina rangi gani? Tunaomba pamoja naye, kisha tunamwandikia barua ya kumpeleka kwenye kituo cha afya. Wachungaji wenzetu wengine wanatucheka kwamba tumegeuka wauguzi.

Kufunga na tumbo

Makanisa yetu yanafunga, na hatuna neno dhidi ya hilo. Ila tumbo tupu halilali. Kila baada ya dakika 90 mpaka 120 linapitisha wimbi kali la kufagia mabaki, na ngurumo tunayoisikia katikati ya ibada ni ufagio huo, pamoja na hewa na maji yanayosukumwa. Asidi nayo inaendelea kutoka kidogo kidogo, bila chakula cha kuipokea. Mtu mzima mwenye afya anavumilia siku ya kufunga bila madhara. Mwenye kidonda wazi, hapana. Vivyo hivyo mwenye kisukari, mwenye mimba, na anayemeza dawa za kifua kikuu: wazungumze na daktari kwanza, na kiongozi wa maombi asiwaite watu wa imani haba. Kufunga bila maji siku 3 mfululizo hatumshauri mtu yeyote.

Waliofunga siku nyingi wasifungue kwa sahani ya bukari na mbuzi. Mwili uliokaa siku 10 bila chakula, ukipewa kingi ghafula, chumvi za damu zinavurugika na moyo unaweza kusimama. Waanze na kidogo, mara nyingi, na mtu wa afya akiwaangalia.

Ishara za kutongoja

Yako maumivu ambayo mtu anaweza kupanga nayo safari ya kituo cha afya juma lijalo. Yako mengine yasiyongoja. Anayetapika damu, au kitu cheusi kama machicha ya kahawa, anayepata choo cheusi kinachong'aa kama lami, chenye harufu kali, anayeshindwa kumeza, anayekonda bila sababu na kutapika kila anachokula, mgonjwa wa kidonda aliyepatwa ghafula na maumivu kama ya kisu, na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Huyu wa mwisho huenda tumbo lake limetoboka, na hapo saa zinahesabiwa. Asipewe kitu kwa mdomo, si maziwa, si majani, si hata maji ya maombi, na pikipiki itafutwe usiku ule ule.